Kompyuta ya Kabatini

Bremen, 4 Februari

Baba mpenzi,

Assalamu alaikum. Nakubusu mkono, na wa mama pia, wa kulia na wa kushoto, asije akalalamika.

Mzigo anao Tharwat, yule wa Talkha tunayekaa naye jengo moja huku. Anafika Mansoura Alhamisi na atauleta nyumbani mwenyewe. Ndani mna laptopu mpya. Usiniulize kwa nini, wala usinianzie ile hotuba yako ya kwamba ya zamani bado nzima. Ya zamani naisikia kwenye simu ikinguruma kama mashine ya kusaga unga. Siku moja itazimika katikati ya hati ya talaka ya mtu, na yule bwana abaki na mke asiyemtaka.

Hii ni ya daraja la juu, Baba. Nyembamba, nyepesi, kimya kabisa. Ofisi yetu ina wafasiri sitini, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwachagulia kompyuta mpya. Frau Lindner, bosi wangu, hataki kusikia habari za kasi na ukubwa wa kumbukumbu. Anauliza swali moja tu: je, inamfaa mtu anayeshinda nayo kazini siku zote? Nikamwambia ninaye mfasiri wa mahakama mwenye miaka ishirini na minne kazini, na hasifu kitu ovyo. Akasema, basi mpe, akuandikie. Kwa hiyo ni zawadi, na ni kazi pia. Niandikie ukweli mtupu. Andika, usipige, maana ikija kwenye simu mama hachukui zamu, anachukua simu yote.

Mimi mzima. Mkataba wangu bado wa majaribio hadi mwisho wa Mei, na kibali cha kuishi kinategemea mkataba. Nikitoka nje ya nchi kabla hakijatoka, maombi yanafutwa na miaka mitano yangu inarudi sifuri. Kikitoka tu, tiketi ya kwanza ni ya kuja kwenu.

Mwanao,
Hatim


Mansoura, 18 Februari

Mwanangu Hatim,

Mzigo umefika salama. Tharwat alikataa chai mara mbili kama adabu inavyotaka, kisha akanywa vikombe vitatu.

Nimekwishaanza kazi. Mwambie bosi wako kwamba betri inakaa. Nilianza saa tatu asubuhi, nikafasiri hati mbili za mirathi na cheti cha ndoa cha binti mmoja anayekwenda Italia kwa mumewe, na hadi alasiri sikuitafuta chaja. Kelele haina, na mama yako sasa anaisikia redio yake vizuri. Skrini inasomeka hata dirisha likiwa wazi. Kwa ufupi ni kompyuta ya heshima, na aliyeichagua ana akili. Sijui alimrithi nani, maana sisi huku ni watu wa kawaida.

Mama yako hajambo. Kabanwa na mafua kidogo, ndiyo maana sauti uliisikia imekauka. Anasema uvae soksi mbili.

Baba yako,
Wagdi


Mansoura, 19 Februari

Bahgat ndugu yangu,

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu wewe ni sawa na kuutangazia mtaa. Mimi napayuka, wewe husikii, majirani ndio wanaopata habari.

Nagat anaumwa ini. Si ule ugonjwa wa ini wa siku zote, ule tuliouzoea watu wote wa Delta. Daktari alitamka neno ambalo nimelifasiri mara nyingi katika karatasi za watu, nikapiga mhuri, nikaenda kula. Sikuujua uzito wake hata siku moja. Anasema tukifika katikati ya kiangazi tushukuru.

Nagat aliyasikia yote. Tulipofika nyumbani alitoa msahafu, akaushika mkono wangu akauweka juu yake. "Apa, Wagdi. Hatim asijue mpaka kibali chake kitoke. Akijua atakuja mbio, na akija atapoteza kila kitu. Sitaki mwanangu aseme maisha yake yaliharibika kwa sababu ya mama yake." Alikuwa akilia. Nikaapa. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Na kuna jambo la pili, la aibu kidogo. Hatim ametuletea kompyuta ya kifahari niijaribu, nimwandikie kama inafaa. Haijatoka kwenye sanduku lake. Sanduku limo ndani ya kabati la vioo, kati ya seti ya vikombe vya arusi yetu ambayo hakuna mdomo uliowahi kuigusa na zile sahani za dhahabu zinazomngoja mgeni ambaye hajazaliwa. Unamjua Nagat. Kwake kitu kizuri si cha kutumia, ni cha kuweka. Rimoti ya televisheni mpaka leo imo katika nailoni iliyotoka nayo dukani. Nilipotaka kulifungua lile sanduku alisimama mbele ya kabati kama askari. "Hilo litafunguliwa kwa mkono wa Hatim mwenyewe, hapa, mbele yangu."

Kila asubuhi anaamka kwa shida, anafuta kile kioo, anasema "Hatim kalileta", hata kama wa kuambiwa ni mimi peke yangu. Ningewezaje kumnyang'anya? Basi nimekaa kwenye kompyuta yangu ya zamani, hii inayonguruma, nikamtungia kijana ripoti. Habari za betri nimezitoa kwenye kikaratasi cha tangazo cha duka lile lililo mbele ya mahakama.

Nieleze unaonaje, na usinitukane sana.

Wagdi


Port Said, 27 Februari

Ewe Baba Hatim,

Nitakutukana kiasi tu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mguu wangu ungali kwenye plasta, la sivyo ningekuja nikakusomea haya usoni. Nagat! Mwanamke aliyetulisha mchuzi wake wa mboga ya mlokhia miaka yote tuliyofundisha shule moja, kabla hujawa mfasiri, akituapia kwamba hatujashiba! Nimelia, Wagdi, na mke wangu akadhani mguu unauma, akaniletea dawa.

Sasa sikiliza. Hiyo ya kompyuta ni mzaha, ingawa njia ya mwongo ni fupi nawe ulikuwa ukiwachapa wanafunzi kwa hayo hayo. Lakini hii nyingine si mzaha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umeapa, sawa. Kiapo kina kafara yake: lisha masikini kumi, ufungue kinywa. Mtoto kumkosa mama yake hakuna kafara. Ulisema siku zote kwamba mfasiri hana haki ya kupunguza wala kuongeza. Haya unayomfanyia Hatim unayaitaje?

Mwambie. Aamue mwenyewe, ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja.

Ndugu yako kiziwi,
Bahgat


Bremen, 20 Machi

Baba mpenzi,

Ramadhani karimu. Huku nafuturu peke yangu kwa tende za dukani, ngumu kama kokoto, nikimwaza mama na bakuli lake la supu.

Ripoti yako imependwa! Nilimsomea Frau Lindner, nikimfasiria neno kwa neno, akacheka nilipofika kwenye redio ya mama. Akasema huyu ni mtu wa kweli, si tangazo. Sasa anataka zaidi. Kibodi vipi, vidole vinachoka? Unapoibeba kwenda mahakamani, bega linasemaje? Flashi zako unachomeka wapi? Mkutano mkubwa wa kuamua ni Mei, na ripoti yako nitaiweka mezani mbele ya wote. Nikifaulu hapo, Baba, mkataba ni wangu.

Mbona mama Ijumaa iliyopita aliongea dakika tano tu? Nilitazama simu nikadhani imeharibika.

Hatim


Mansoura, 14 Aprili

Mwanangu Hatim,

Kila mwaka na wewe uwe katika heri. Idi imepita kwa utulivu. Vibiskuti vya Idi safari hii tumenunua, kwa kuwa mama yako amechoka na mwezi wa kufunga. Ndiyo sababu ya maneno machache, usiwaze.

Uliyouliza nakujibu. Kibodi ni nzuri sana. Herufi za Kiarabu zimechapwa wazi, kubwa, nyeupe, na macho yangu haya ya miaka sitini na tatu hayapati taabu kuzitafuta. Bega halilalamiki. Kabla ya hii nilikuwa nikifika ghorofa ya tatu ya mahakama ninahema, karani ananipa kiti kabla ya salamu. Flashi nachomeka bila tabu, maana unawajua makarani wetu, hawapokei kitu kwa barua pepe. Wanataka flashi, wanataka karatasi, wanataka mhuri, na wakishavipata vyote wanasema njoo kesho. Mfasiri wa huku hahitaji kompyuta yenye kasi kubwa. Anahitaji inayovumilia kungoja.

Waambie inafaa.

Baba yako,
Wagdi


Bremen, 7 Mei

Baba,

Mkutano ulikuwa leo asubuhi.

Nilikuwa na laptopu mezani, ya aina ileile niliyokuletea, na ripoti yako mkononi. Nikasoma. Nilipofika kwenye herufi za Kiarabu, kubwa, nyeupe, Frau Lindner akaigeuza kompyuta upande wangu, akasema kwa upole, "Tuonyeshe." Watu tisa walikuwa wamekaa pale. Hazipo, Baba. Ilinunuliwa Bremen, kibodi yake ni ya Kijerumani, hakuna hata alifu moja. Huko kwetu kila kompyuta ina herufi za Kiarabu, kwa hiyo ulidhani na hii inazo. Nilikuwekea karatasi ya herufi za kubandika, juu kabisa ndani ya sanduku. Mtu akifungua, anaiona hiyo kabla ya kompyuta yenyewe. Barua yako ilikuwa kwangu tangu Aprili na sikuliona kosa, kwa sababu ni wewe uliyeandika, na maandishi yako sijawahi kuyachunguza.

Mmeiuza? Mmempa mtu? Ungeniambia ningeelewa. Lakini nilikuomba ukweli, ukanitungia hadithi, na mimi nikaisoma kwa sauti mbele ya watu wenye maisha yangu mkononi. Frau Lindner alisema tu, "Tutaendelea siku nyingine." Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Siulizi tena iko wapi. Ila Ijumaa hii msinipigie, sitapokea. Mwambie mama nina kazi. Wewe sasa unajua kutunga, utapata la kumwambia.

Hatim


Mansoura, 12 Mei

Bahgat ndugu yangu,

Ulisema kweli, na sijui kama inakufurahisha.

Hatim amenigundua. Alinikasirikia, akasema Ijumaa tusimpigie. Nikamficha Nagat ile barua, maana mimi sasa kuficha ndiyo kazi yangu. Ijumaa baada ya sala alitaka aogeshwe. Akajifunga kile kitambaa chake cha buluu, akajikalisha kando ya simu, ameegemea mito miwili. Alipiga mara nne. Alipoiweka simu hakuuliza kama Hatim yuko salama. Aliniuliza, "Umemfanya nini mwanangu?"

Nikamwambia yote, hata ile ya herufi. Nilitazamia agombe. Akasema, "Nipeleke mpaka kabatini." Nikambeba, Bahgat. Amekuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Akafungua kwa mkono wake, akalitoa sanduku, akaniambia niipasue ile karatasi iliyolifunga. Ndipo nikaiona karatasi ya herufi, juu kabisa kama alivyosema Hatim.

Nikasema, "Nagat, niache nimwandikie sasa, nimwambie ukweli wote." Akasema, "Wa kompyuta, ndiyo, na nitamwandikia mimi. Ule mwingine umeuapia." Nikamwambia kuna kafara, nikamtaja na wewe. Akasema Bahgat alishindwa kumlea paka.

Daktari sasa ndiye anayekuja nyumbani. Hataji tena kiangazi. Nimechukua simu mara mbili kumpigia Hatim, na mara zote mbili alinitazama tu, nami nikairudisha. Ninamwogopa kuliko ninavyomwogopa Mungu, naye aniwie radhi.

Wagdi


Mansoura, 20 Mei

Hatim, roho ya mama yako,

Ni mimi ninayeandika, kwa vidole viwili. Baba yako amekaa kando yangu na nimemkataza kugusa. Kazi ya kutia nukta tu ndiyo nimempa, nayo ameifanya vibaya.

Kwanza, usimseme baba yako. Kompyuta hakuiuza wala hakumpa mtu. Mimi ndiye niliyeifungia kabatini. Nilitaka kitu ulichokishika wewe kibaki vilevile mpaka uje ukifungue mbele yangu, nikuone unavyokunja uso ukisoma maelezo, kama ulivyokuwa ukifanya na vitu vyako vya kuchezea. Baba yako alidanganya ili asiniharibie hilo. Kwa hiyo kama kuna wa kupigwa fimbo ni mimi, nawe huna ubavu. Ujinga wangu naujua. Miaka thelathini na tano nimewawekea wageni vitu vizuri, na wageni wote wamekunywa kwenye bilauri za jikoni.

Herufi nimezibandika mwenyewe. Zimenichukua siku tatu, kwa kuwa mafua haya yamegoma kuniacha na napumzika kila baada ya herufi chache. Nyingine zimekaa upande upande. Usizinyooshe ukija.

Sasa mpe yule bibi ripoti ya kweli. Kompyuta ni nyepesi, inakaa juu ya blanketi hata hujui kama ipo. Haiunguzi miguu. Haipigi kelele. Lakini vitufe vyake viko chini mno, kidole kikiwa dhaifu hujui kama umebonyeza au umeota. Na haina tundu la flashi la baba yako. Anazunguka nayo mkononi kama mtu aliyenyimwa mlango. Kwa hiyo mwambie inawafaa vijana wenye vidole vikali na makarani wenye akili, na sisi wengine mtuongezee tundu. Akiuliza huyu mama ana ujuzi gani, mwambie nimefanya kazi nyumba hii alfajiri hadi jioni bila mkataba wala majaribio, na sijafukuzwa.

Ijumaa mbili zimepita. Sijakasirika. Ila nijibu, mwanangu, hata mstari mmoja. Usipige, sauti yangu mbaya utacheka. Andika. Nimemwambia baba yako aiache hii kompyuta wazi hapa kitandani, ili barua yako ikija niione mimi kwanza.

Kula vizuri.

Mama yako,
Nagat


Port Said, 23 Mei

Wagdi ndugu yangu,

Binti yangu amenipigia kelele sikioni mara tatu na mara zote tatu nilikuwa nimesikia. Sikutaka tu.

Mungu amrehemu Nagat. Amuweke pema, amlipe kwa kila sufuria aliyotupakulia. Mguu huu uliolaaniwa umenikosesha hata konzi moja ya mchanga juu ya kaburi lake, na sitausamehe.

Najua mmemzika adhuhuri na sasa mmekaa matangani, wasomaji wanasoma, watu wanaingia na kutoka na vikombe vya kahawa chungu. Nakuomba jambo moja, nalo nakuomba kama kaka. Kijana asije akaisoma habari hii kwenye simu, kwa rambirambi ya jirani. Kiapo kilikuwa chake, na mwenyewe hayupo tena. Mwambie.

Bahgat


Bremen, 24 Mei

Mama, Mama, Mama,

Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika, nikaisoma tena kwenye treni, nikacheka mpaka mzee mmoja akahama kiti. Nisamehe. Nilikuwa na hasira ya kijinga, nikaacha kuwapokelea simu nikiwa nimekaa nayo mkononi naitazama inavyolia. Sitarudia maisha yangu yote.

Sikukujibu upesi kwa makusudi. Nilikuwa na miadi ofisi ya wageni jana, Alhamisi, nikasema sitamwandikia mama mstari mmoja mkavu, nitamngojea siku nne nimwandikie na habari nzuri. Basi haya, kaa sawa: KIBALI KIMETOKA. Jana saa nne asubuhi! Nimekishika. Na mkataba pia. Unajua nani kaniokoa? Wewe. Nilipeleka ripoti yako kwa Frau Lindner, na ya baba nikamweleza ilivyokuwa, na kabati lako nikamweleza. Akasema bibi yake naye alikuwa na sahani ambazo hawakuwahi kulia chakula. Wameagiza kompyuta nyingine, yenye vitufe vya juu na tundu la flashi. Mama, wafasiri sitini Bremen watafanya kazi kwa kauli yako.

Nimekata tiketi. Alhamisi ijayo, naingia Cairo saa kumi alasiri. Nataka mlokhia na sungura, na usimwachie mtu mwingine kuitia kitunguu saumu. Siku kumi na nne nzima! Nitakaa nawe mpaka unichoke.

Leo Ijumaa nimepiga mara tatu, hampokei. Mnanilipiza? Sawa, nimestahili. Lakini sasa yatosha, pokeeni.

Mtoto wako,
Hatim


Mansoura, 25 Mei

Mwanangu Hatim,

Kaa kwanza. Kama uko barabarani, simama, uisome hii ukifika nyumbani.

Barua uliyomwandikia mama yako nimeifungua mimi. Mama yako amefariki. Alifariki Alhamisi, alfajiri, na tukamzika siku hiyo baada ya adhuhuri, kando ya mama yake. Hayakuwa mafua. Ilikuwa ini, tangu Februari, na tulijua, yeye na mimi. Aliniapisha nisikwambie mpaka kibali kitoke. Kilitoka siku hiyohiyo, yeye ameshaondoka kwa saa chache. Nimelihesabu hilo kwa kila njia na halibadiliki.

Nimekaa tangu jana nikitafuta namna ya kuliandika hili likuumize kidogo, na hakuna. Kwa hiyo nakwambia kama lilivyo. Ningeweza kukuambia Februari, na ungekuja, na ungemkuta anafuta vioo na kukugombeza kwa kukonda. Ungepoteza kibali, lakini ungemwona. Bahgat aliniambia. Moyo wangu uliniambia. Nikamtii yeye, kwa kuwa alikuwa akifa na nilishindwa kumnyima kitu, na sasa naona nimekunyima wewe. Una haki ya kunikasirikia, na safari hii sitatunga lolote.

Ulimngojea siku nne ili umfurahishe. Wengine watakwambia hakujali. Mimi nimekwisha kukudanganya, kwa hiyo utausikia ukweli: alikuwa akiuliza. Asubuhi aliuliza, na jioni akauliza. Lakini hakudhani kwamba umekasirika. Jumatano aliniambia, "Huyu anatuandalia kitu, namjua, hawezi kuweka siri bila kunyamaza." Alikuwa akitabasamu aliposema hivyo. Hilo silitungi, Hatim. Wallahi silitungi.

Barua yako nimemsomea leo, pale makaburini, kwa sauti, mpaka kwenye kitunguu saumu. Watu waliokuwa karibu walidhani nasoma dua.

Tiketi usiibadilishe. Njoo Alhamisi hiyohiyo, saa kumi. Nitakuja kukupokea Cairo, na nitakuja peke yangu. Nakwambia mapema, mwanangu, ili ukitoka pale mlangoni usimtafute nyuma yangu.

Baba yako,
Wagdi